Maana ya Lukungule

Kinole, 6 Mei 2024

Chandrika mwenzangu,

Mzigo wa shule umefika. Chaki, madaftari na ile rula ndefu ya ubaoni, vyote vimo ndani ya boksi. Dereva wa gari la ndizi safari hii hakudokoa kitu. Na kitabu nimekikuta. Umekifunga kwenye gazeti ukaandika juu yake, "Kaa chini kwanza." Nilikaa. Twalibu aliporudi shambani alinikuta bado nimekaa, moto umezima na maharage mabichi.

Binti wa Lukungule, kimeandikwa na Shadya Abdulmajid. Jaladani wamemchora mwanamke mwenye shingo ndefu, na nyuma yake milima isiyofanana na Uluguru hata kwa kuombewa. Nikafungua. Sentensi ya kwanza yangu, ya pili yangu. Nilipofika ukurasa wa kumi nikawa nasoma huku nimefumba macho, maana nilijua neno linalofuata. Riwaya yangu, Chandrika. Ile niliyokuwa naiandika kila nikitoka darasani, Zuhura akicheza miguuni kwangu, ile niliyokuwa nawasomea wewe na Shadya mlipokuwa mnakuja kunitembelea.

Unakumbuka tulivyokuwa wasichana pale Kilakala, sisi watatu na chama chetu cha vitabu? Tuliapa tutaandikiana barua kwa mkono mpaka uzeeni, simu tuwaachie wasioweza kuandika. Tuliapa pia kwamba wa kwanza kuchapishwa atawavuta wenzake. Huyu kavuta, tena kavuta na nguo za mwilini.

Kosa langu ni neno moja tu. Wakati wa msiba wa Zuhura, Shadya alikuta makaratasi kabatini akaniuliza afanye nini nayo. Nikamwambia, "Chukua, sitaki kuyaona." Wewe ulikuwa pale pale unachambua mchele. Mama aliyetoka kuzika mtoto anasema chukua, uniondolee machoni. Kuna mtu mwenye akili timamu anayesikia chukua, kachapishe?

Na hata hilo ningelimeza. Nisilolimeza ni sura ya mwisho. Kwenye riwaya yangu mama anavuka mto na mtoto anayechemka homa mgongoni, anafika, mtoto anapona. Niliandika hivyo Zuhura akiwa hai, anakula embe pembeni yangu. Shadya kabadilisha. Kwenye kitabu chake mtoto anakufa. Kamwosha, kamvika sanda, kamwekea hata ile shanga ya buluu tuliyomvua Zuhura mkononi. Alikuja msibani kwangu, akalia na mimi, kumbe macho yake yalikuwa yanaandika. Mwanangu mmoja amekufa mara moja kwa amri ya Mungu, na mara ya pili kwa mkono wa Shadya.

Halafu nenda ukurasa wa shukrani. "Kwa rafiki yangu M. wa Kinole, kwa chai ya mdalasini." Chai!

Na neno lenyewe, lukungule, sijawahi kukwambia limetoka wapi. Zuhura alipokuwa anajifunza kusema, kila asubuhi nilikuwa namwonyesha mlimani, "Tazama, ukungu ule!" Akadhani ndilo jina lake. Akawa anafungua mlango anapiga kelele, "Lukungule! Lukungule!" Sikumsahihisha. Ndilo neno lake, hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nalo, na sasa liko kwenye jalada juu ya jina la mwizi.

Nitamkomesha. Sijajua kwa namna gani, lakini nitamkomesha, na nataka iwe mbele za watu.

Wako,
Mwaisha


Morogoro mjini, 15 Mei 2024

Mama Zuhura,

Pole. Nimeisoma barua yako nyuma ya kaunta nikamkosea mteja mara mbili, akaenda na wino wa mihuri badala ya gundi.

Nimefanya nililoweza. Juu ya duka letu amepanga mwanasheria, kijana mwenye heshima zake. Ameuliza swali moja: una nakala? Makaratasi yote aliondoka nayo Shadya, na sisi tuliyasikia tu kwa masikio. Nikampigia Shadya mwenyewe. Hakutetereka hata kidogo. "Alinipa, na wewe ulikuwepo, ulisikia." Kweli nilisikia, na hilo ndilo linaloniuma. Nikimwambia hakimu nilichosikia, namsaidia yeye.

Kinauzwa, nisikufiche. Unajua dukani kwetu riwaya hukaa rafuni mpaka karatasi ziwe rangi ya chai. Watu wananunua vitabu vya kiada na mitihani ya zamani, basi. Hiki wanakiulizia kwa jina. Wanawake wanasoma mwisho wamesimama mlangoni, wanalia, halafu wanakirudisha na jalada limelowa. Namchukia zaidi kwa hilo.

Ila jambo moja litakufurahisha. Wiki iliyopita alikuwa redioni. Mtangazaji akamuuliza, "Lukungule maana yake nini?" Nilikuwa napika, nikazima jiko nisikie vizuri. Shadya akakohoa, akasema ni neno la ndani sana la Kiluguru, alifundishwa na bibi yake, halipo tayari kutafsiriwa. Bibi yake yupi? Yule wa Kilakala aliyekuwa akimpiga kofi mtu akisema Kiluguru ndani ya nyumba? Nilicheka mpaka mama akaja kuniangalia.

Naona mtangazaji huyo amemtia hofu, kwa sababu Shadya kanitumia barua nikuletee kwa gari la ndizi. Nimeifungasha humu.

Chandrika


Dar es Salaam, 11 Mei 2024

Mpenzi wangu Mwaisha,

Natumaini hujambo, na kwamba kimya chako ni cha kazi nyingi tu na si kingine. Chandrika ameniambia umekipata kitabu. Kiukweli nilitaka nikuletee mwenyewe, tukae barazani, tusome kwa sauti kama zamani. Lakini yaani maisha ya kitabu yakishaanza hayakuachii hata dakika. Leo redio, kesho shule, keshokutwa watu wa maktaba.

Najua kuna mahali utauma meno. Mwisho, kwa mfano. Niamini, nililipigania lile la mtoto kupona. Mhariri akasema msomaji wa leo hamwamini mtoto anayepona. Anataka aondoke na jeraha. Kitabu si mali ya moyo peke yake, Mwaisha, kina soko pia. Wewe ulinipa mbegu, na nitakushukuru daima kwa kuniambia "chukua" siku ile. Nilijua ulimaanisha, endelea nayo, mimi nimefika mwisho. Nimekuwa nikiibeba riwaya hii kwa niaba yetu sote.

Nina ombi dogo. Tarehe 17 Agosti tunazindua chapa ya pili hapo Morogoro. Ukumbi mkubwa, kamera, na safari hii wachapishaji wamealika wazee wa milimani ili kitabu kirudi nyumbani. Nitaulizwa maana ya lukungule, na mbele ya wazee siwezi kukohoa. Wewe ndiye mwenye Kiluguru. Niandikie maana yake kamili, na kama kuna mila inayoambatana nalo, usiache. Vitu hivyo wasomaji wanavipenda mno.

Na uje. Nitakutengea kiti cha mbele.

Nakukumbatia,
Shadya


Kinole, 24 Mei 2024

Shadya mpendwa,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Umesema kuna mahali nitauma meno. Niume kwa lipi? Kitabu kimevaa vizuri kuliko nilivyoweza kukivika mimi. Mahali nilipoandika "akanyamaza" wewe umeandika "akabaki amezingirwa na ukimya uliojaa maswali yasiyo na majibu." Hapo nikajua kweli umesoma sana.

Kuhusu neno. Hukukosea kumwambia mtangazaji kwamba ni la ndani, maana wengi hawalijui siku hizi. Lukungule si ukungu wowote. Ni ule unaoshuka asubuhi kwenye nyumba yenye mtoto wa kike. Wazee wa zamani waliamini kwamba ndani yake wanakuja mabibi wa ukoo wa mama, waliokufa, kumtazama mtoto wao na kumfundisha maneno. Na mtoto wa kike akifa, naye anajiunga nao. Mwenye kumpenda akitoka nje asubuhi ya lukungule, mtoto yumo.

Mila yake ni hii. Mwanamke akilitaja neno hili mbele ya watu, hufunika kichwa na uso kwa khanga, kwa kuwastahi mabibi, akanyamaza. Hafunui mpaka watu wamwitikie, "Wamepita." Usipofanya hivyo mbele ya wazee wetu watakuona mtoto wa mjini. Simama katikati ya jukwaa, taja kwa sauti, jifunike, subiri. Hata wakikawia, subiri.

Nitakuja. Kiti cha mbele kitanifaa.

Rafiki yako,
Mwaisha


Kinole, 24 Mei 2024

Chandrika,

Barua ya kwenda kwa Shadya iliyo pamoja na hii usiifungue, ipeleke tu. Nitakwambia kilichomo: uongo mtupu, kuanzia salamu mpaka sahihi. Nimemtungia maana. Nimemtungia mila. Nimemtungia mabibi wanaotembea ndani ya ukungu, na yeye atasimama mbele ya wazee wa Uluguru, kamera zinamwangalia, ajifunike khanga gubigubi kama mgonjwa wa malaria, asubiri watu waitikie neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Nilipokuwa naandika nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Tangu tumzike Zuhura sijacheka namna ile.

Kazi yako ni ndogo. Hakikisha Mzee Stambuli anapata mwaliko. Unamjua, yule anayekuja kwenu kununua kalamu na kukusahihisha Kiswahili chako na cha mama yako. Hakuna neno la Kiluguru lisilopita kwake, na huruma hajawahi kuwa nayo. Mwalimu mkuu wetu alikosea neno moja kwenye hotuba ya mahafali, mzee akamkatiza mbele ya mgeni rasmi. Atamwacha Shadya? Atasimama na fimbo yake aseme, "Binti, neno hilo halipo." Na hapo mimi nitanyanyuka kiti cha mbele, nieleze ni neno la nani, limetoka kinywani mwa nani, na nani kaliandika. Sihitaji nakala wala hakimu. Nitamuuliza mbele yao, kama kitabu ni chako, mbona hujui jina lake?

Nataka nimwone uso wakati anafunua ile khanga.

Mwaisha


Morogoro mjini, 3 Julai 2024

Mama Zuhura,

Mzee Stambuli kaalikwa. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kadi, akaisoma yote akatafuta kosa, akalipata.

Lakini nimeanza kuogopa. Shadya hakusubiri Agosti. Maana yako ameichapisha mbele kabisa ya chapa ya pili, ukurasa mzima, herufi za mlalo. Ipo kwenye mabango pia. Jana redioni aliieleza, na mtangazaji mwanamke akasikika anavuta kamasi. Msichana anayenisaidia dukani, Chausiku, kaniuliza kama ni kweli mtu aliyefiwa na binti akitoka asubuhi ya ukungu anamkuta. Mdogo wake alifariki mwaka juzi. Nilijifanya natafuta stepla.

Mimi kwenye kulipiza nipo na wewe, unanijua. Nilikwambia tangu mwanzo kwamba huyu anastahili. Ila uongo wako umeandikwa vizuri mno, Mwaisha. Ungeandika wa kipumbavu kidogo ningelala.

Na mumeo Twalibu je, umemwambia? Neno hilo alikuwa akilisikia kila siku ndani ya nyumba yake.

Chandrika


Kinole, 9 Julai 2024

Chandrika,

Uongo ukiwa wa kipumbavu Shadya asingeumeza. Mshike Chausiku mkono, siku ikipita atajua ukweli pamoja na wengine.

Twalibu sijamwambia na sitamwambia. Hasomi riwaya, redio yetu haina betri tangu Ramadhani. Jina la Zuhura hajalitaja tangu tulipotoka makaburini. Nikilitaja mimi anachukua panga anakwenda kupalilia migomba, hata kama kuna mvua. Nitamwambia nakuja mjini kwa mambo ya shule.

Usinilegeze. Nimebakiwa na hili tu.

Mwaisha


Morogoro mjini, 19 Agosti 2024

Mama Zuhura,

Uliondoka ukumbini bila kuniaga. Nimekaa jana nzima nikitegemea utapita dukani, hukupita. Basi naandika, kwa sababu nilikuwa mlangoni nauza vitabu na kuna kitu sikukiona, nataka unieleze.

Nilichokiona ni hiki. Shadya kasimama na gauni lake la kitenge, kasema "lukungule" kwa sauti ya kuimba, kajifunika khanga mpaka kifuani. Nikasema moyoni, haya sasa. Mzee Stambuli akanyanyuka na fimbo. Nilikamata ukingo wa meza. Mzee akatazama wazee wenzake, akatazama kamera, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya msikitini, "Wamepita!" Halafu akawageukia watu akawakemea kwa kukaa kama mawe. Akasema bibi yake alikuwa akilitumia neno hilo, ni aibu kubwa kwamba vijana wa leo hawalijui, na kwamba hata hiyo khanga binti kaifunga upande usio sahihi.

Tulikuwa wapumbavu, Mwaisha. Mtu anayejulikana mlima mzima kwa kujua kila neno, tulidhani atakiri mbele ya kamera kwamba moja limempita? Na akisha kusema yeye, mzee gani mwingine atakubali kuwa mjinga? Waliitikia wote. Wanawake wakaanza kujifunika, mmoja baada ya mwingine. Chausiku alijifunika kwa mfuko wa rambo, maana hakuwa na khanga.

Hapo ndipo nikakuona umesimama. Ulisimama kabisa, mkono umeuinua, mwenye kipaza sauti anakujia. Nikasema sasa anawalipua. Ukatazama nyuma, kule mwisho wa ukumbi. Ukaketi.

Uliona nini?

Chandrika


Dar es Salaam, 2 Septemba 2024

Mwaisha wangu,

Dah, bado siamini! Umeona ulichokifanya? Wachapishaji wanasema hawajawahi kuona uzinduzi kama ule. Chapa ya pili imekwisha, ya tatu iko mtamboni, na kuna watu wa nje wanataka kukitafsiri. Kila mahali nikienda sasa watu wanajifunika kabla sijamaliza kulitaja. Mama mmoja Chalinze alinishika miguu.

Nilikuona umesimama. Niliona unataka kusema kitu ukazidiwa. Nilielewa, na nikakusamehe yale maneno ya kejeli kuhusu "ukimya uliojaa maswali." Usidhani sikuyaona. Najua ilikuuma, na bado ulinipa kilicho bora. Huo ndio urafiki.

Sasa nina kitabu cha pili cha kuandika na mhariri ananikimbiza. Nimekaa mbele ya kompyuta wiki mbili sina hata aya. Unalo neno jingine?

Shadya


Kinole, 20 Septemba 2024

Shadya,

Neno jingine sina. Lakini hili la kwanza hujalimaliza, kwa hiyo soma polepole.

Lukungule si Kiluguru wala si lugha ya mtu yeyote mzima. Ni Zuhura. Nilikuwa namwonyesha mlimani nikisema "ukungu ule," naye akasikia jina. Hakuna mabibi wanaoshuka, hakuna khanga, hakuna "wamepita." Nilitunga vyote nikiwa na jembe miguuni na sufuria jikoni, nikakupelekea ukavimeza, kwa sababu nilitaka uchekwe mbele ya Uluguru nzima mpaka usiweze kushika kalamu tena. Mzee Stambuli yule anayekuunga mkono hajui lolote. Alikuwa anaogopa aibu kama ulivyokuwa unaiogopa wewe. Mlifunikana.

Unataka kujua nilisimama kusema nini. Nilisimama kukuvua. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni, niliyafanyia mazoezi toka Mei. Nikageuka nione watu wa Kinole wamekaa wapi, ili wasikie vizuri. Nikamwona Twalibu.

Sikujua kwamba amekuja. Bango lako lilibandikwa sokoni kwetu, akalisoma, akapanda gari la ndizi nyuma yangu bila kunieleza. Alikuwa amesimama mwisho kabisa pamoja na madereva. Amevua koti lake, amejifunika kichwa. Mwanamume mzima, wa swala tano, katikati ya wanaume wenzake. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Nikaketi. Nilikuchukia wakati naketi kuliko wakati nasimama.

Tulipanda gari moja kurudi. Karibu na Mkuyuni ndipo akasema. Akasema, "Mama Zuhura, mtoto alilijua neno hilo bila kufundishwa na mtu. Mimi nilidhani anacheza. Kumbe walikuwa wanakuja kumfundisha." Yeye hajui kuhusu "ukungu ule." Asubuhi zile alikuwa shambani, aliporudi alimkuta mtoto ana neno, hakuuliza limetoka wapi. Mimi ndiye niliyeandika, kwa mkono huu, kwamba mabibi wanamfundisha mtoto maneno. Nililiweka lipendeze tu, ili wewe ulipende.

Sasa kila ukishuka ukungu anatoka uani na koti lake kichwani. Anamwita kwa jina. Jina ambalo nilikuwa nikilitaja anakimbilia kwenye migomba, leo analiita mwenyewe, majirani wanasikia, anaingia ndani anakunywa uji anamaliza bakuli. Juzi kaniambia, "Leo alikaa sana." Mtego wangu umemnasa mume wangu, Shadya, na ninavyomtazama naona amenona. Nimwambie nini? Nimwambie mwanao hayumo, niligombana na shoga yangu?

Kwa hiyo kisasi changu cha kwanza kimekufa. Cha pili ndicho hiki unachokisoma.

Usifute kitu. Najua ulivyo. Ukishafika hapa utakuwa umeanza kutunga utangulizi mpya, wa machozi, wa kuomba radhi, wapige makofi kwa ujasiri wako. Huo nimekunyima. Siku utakayosema ukweli utamzika mwanangu mara nyingine, na safari hii baba yake atakuwa amesimama uani anamsubiri. Ukithubutu, nitashuka mlima huu kwa miguu nikufuate popote ulipo, na sitakuja na barua. Ukijifanya umechoka kuzungumzia kitabu hiki, nitawaandikia wachapishaji wako niwaambie mila inataka uendelee. Wataniamini. Mimi ndiye mwenye Kiluguru.

Utalibeba. Kila ukumbi utafunika kichwa, na ndani ya khanga, mahali ambapo kamera haikuoni, utajua kwamba umelishika neno la mtoto uliyemlilia msibani kwangu na kumuua kwenye karatasi ili mhariri afurahi. Watakuitikia. Utafunua. Utatabasamu. Mama mwingine atakushika miguu, na utamwambia ndiyo, mwanao yumo, na hutakuwa na mtu wa kumweleza kwamba si kweli ila mimi, na mimi sitakujibu.

Nilitaka jina langu kwenye jalada. Silitaki tena, liache lako.

Nasikia mwezi ujao unakwenda kukizindua Dodoma. Nenda, wanakusubiri.

Mwaisha